Kitanda cha Kumi na Moja

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi. Hata mkurugenzi, ambaye siku ya kukata utepe alichohesabu ni kamera tu, angeweza kuvihesabu. Sasa kwa nini roboti la kugawa dawa, likishamaliza cha kumi, lilisogea hadi kwenye ukuta mtupu, likafungua droo, likangoja? Na nani aliyekunywa kikombe cha dawa kilichorudi kitupu?

Fundi akaitwa. Akapuliza vumbi, akasema jicho la roboti limechafuka, akaenda zake. Eti jicho!

Mkuu wa wodi hakujishughulisha. Wenzake walimwita Bi Sahihi, na jina lilimkaa. Sheria ilikuwa nyepesi: kila mzunguko, muuguzi atembee na roboti, asome ukanda wa mkononi wa kila mgonjwa, alinganishe na dawa, ndipo asaini daftarini. Yeye alisaini wiki nzima Jumatatu asubuhi, kurasa tupu, huku anapiga soga. Mashine haikosei, alisema, na miguu inamuuma. Maskini, miguu!

Wiki hiyo mama yake mzazi akalazwa kitanda cha kumi, kifua kimembana. Alhamisi, mchana kweupe, mama akamvuta binti yake karibu, akamnong'oneza kwamba jirani yake wa ukutani ananuka udongo mbichi, na tangu jana anamtaka wabadilishane nafasi.

"Mama, pale hakuna mtu."

"Anasema wewe ndiye uliyemkaribisha, mwanangu. Umemsainia."

Bi Sahihi akaliendea daftari. Kila ukurasa, chini ya mstari wa kumi, palikuwa na wa kumi na moja: jina hakuna, saini yake ipo. Akasikia magurudumu ya roboti yakianza mzunguko wa saa nane, akatoka mbio na miguu ile ile iliyokuwa inamuuma, akapita kitanda cha kwanza, cha tano, cha tisa, huku harufu ya udongo ikimjaa puani na wagonjwa wote wamegeukia upande mmoja kimya, akaona roboti likikipita cha kumi bila kusimama, kwa maana kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka limenyooka, hata mto haukuwa na alama ya kichwa. Roboti likasimama ukutani. Ndani ya ukuta, mama yake akakohoa.

Mkurugenzi alitangaza kwamba mgonjwa ametoroka, akaagiza ukuta upakwe rangi. Akili zake ziliishia hapo.

Siku hizi Bi Sahihi hasaini mapema. Hutembea na roboti kila mzunguko, anasoma kila ukanda, hakuna muuguzi mwangalifu kumshinda. Ukutani, mkono mkavu hutokeza kwenye rangi mpya kupokea kikombe. Akichelewa, kikohozi kinazidi. Kwa hiyo huushika ule mkono, akasoma jina la mama yake kwenye ukanda, akasaini.