Damu Inayorudi kwa Mwenyewe

Simulizi za namna hii watu hupenda kuzibandika kwa jirani. "Kuna jirani yetu mmoja," ndivyo wanavyoanza. Natamani sana na mimi ningeanza hivyo. Lakini huyu alikuwa baba yangu mkubwa, Bartholomayo, na aibu yake tumeirithi sote pamoja na shamba lake la kahawa.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Jua lilikuwa limetulia juu ya kijiji chetu huko Muleba, kahawa imeanikwa uani, na baba mkubwa anaigeuza kwa mguu huku redio ikiimba kwaya dirishani. Mkewe, mama mkubwa Joanitha, alikuwa amekaa kizingitini anamenya ndizi. Baba mkubwa alikohoa. Akainama kama mtu anayeokota kitu. Kisha akatapika damu juu ya kahawa yake mwenyewe, nyingi, nyeusi, na kuku wakakimbia.

Vidonda vya tumbo vilikuwa vimemla kimya kimya kwa miaka mingi. Hospitali walimpima, wakatafuta damu ya kundi lake, hawakuipata. Muuguzi aliyeitwa Violeth akatoka nje kuzungumza na ukoo uliokuwa umejaa kwenye mabenchi.

"Jamani, damu si maji mekundu tu," alisema. "Ukiiacha kwenye chupa itulie, inajigawa. Juu yanabaki maji ya manjano, ndiyo plazma. Chini zinakaa chembe nyekundu. Katikati kuna utando mwembamba wa chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe sahani zinazoziba kidonda. Mzee amemwaga zile nyekundu, na hizo ndizo zinazobeba hewa. Bila hizo anazama akiwa nchi kavu. Yeye ni kundi O. O anaweza kumpa karibu kila mtu, lakini yeye anapokea kwa O mwenzake tu. Nani anaanza kupimwa?"

Hapo ndipo ungewaona wanaume wa kwetu. Baba mdogo Kyaruzi, ambaye kila Krismasi husimulia alivyomwangusha fahali kwa mikono, aligundua ghafla kwamba ana presha. Mwijage alisema jana alikunywa pombe ya rubisi, na leo pia kidogo. Mwingine alikwenda kununua maji ya kunywa, na mpaka leo hajarudi nayo. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji, lakini siku ile ukoo mzima ulikuwa maji.

Mabenchi yalipobaki matupu, aliyenyanyua mkono alikuwa amesimama peke yake karibu na ngazi. Alikuwa Kokushubila.

Kokushubila alikuwa mjane aliyepakana na baba mkubwa. Kibanja chake na chetu vilitenganishwa na mstari wa mibuni tu. Mnyauko ulipoingia kijijini na migomba ya watu ikaanza kuoza ikiwa imesimama, yake ilibaki mizima. Alikuwa akichoma panga lake kwenye moto kabla ya kukata kila mgomba, na kuvunja maua ya ndizi kwa kijiti chenye panda, kama bwana shamba alivyotufundisha sote. Sisi tulisinzia kwenye mkutano ule. Yeye alisikiliza. Lakini baba mkubwa, mzee wa kanisa mwenye kuheshimika, alisimama nje ya kanisa baada ya ibada akauliza kwa sauti, "Hivi mnyauko una macho? Unaruka uzio wa mtu mmoja tu?" Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia Kokushubila. Watoto walifundishwa kuzunguka nyumba yake. Neno mchawi halikutamkwa mbele yake, lilitamkwa kila mahali pengine.

Huyo ndiye aliyepimwa, akaonekana ni O na hana ugonjwa wowote, akalala, akatoa. Mfuko ukatundikwa. Damu ikashuka tone kwa tone, na kucha za baba mkubwa zikarudi rangi.

Mimi sikuwepo, nilikuwa kwangu mjini; haya yote nimesimuliwa baadaye na mama mkubwa, aliyekuwa pembeni ya kitanda. Kokushubila aliingia wodini taratibu, bado ana kizunguzungu, akafungua kifurushi cha majani makavu ya mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, ile akamwani tunayompa mgeni. Alichukua tunda moja, akalipasua, zikatoka punje mbili.

"Waitu Bartholomayo," alisema kwa heshima ya kwetu, "zamani watu wawili walichanja vitovu, wakapaka damu kwenye punje za tunda moja, kila mtu akatafuna ya mwenzake. Ndio omukago, undugu wa kuchanjiana damu. Sisi wametupitishia kwenye mpira, lakini damu ni damu. Ukipata shida utaniita. Nikipata shida nitakuita."

Akatafuna punje yake. Baba mkubwa akaipokea ya kwake, akaiweka shavuni, akatikisa kichwa kukubali. Kokushubila alipotoka tu, aliitema kwenye karatasi.

"Katupe chooni," alimnong'oneza mkewe. "Na asijue mtu damu hii ni ya nani."

Mama mkubwa akaitupa. Ananiambia alisikia aibu, lakini aliitupa.

Kabla hawajaruhusiwa, baba mkubwa alimuuliza Violeth swali moja. Damu ya mtu mwingine hukaa mwilini muda gani? Violeth, kwa nia njema kabisa, alimjibu kwamba chembe nyekundu huishi kama miezi minne, kisha hufa, na mwili huwa umetengeneza zake. Baba mkubwa alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue. Miezi minne si mingi. Angevumilia.

Ndani ya miezi hiyo mtoto mmoja kijijini alifariki kwa homa. Mkutano ukaitishwa, vijana wakaja na mapanga, na jina likawa moja tu. Kokushubila alisimama katikati ya watu. Hakulia. Alimtafuta baba mkubwa kwa macho mpaka akampata.

"Bartholomayo," alisema. "Waambie nilikupa nini."

Sentensi moja ingetosha. Huyu ndiye aliyeniokoa. Watu wangemsikiliza, kwa sababu mwanzo wa maneno yote ulikuwa kinywani mwake. Baba mkubwa aliangalia viatu vyake. Aliviangalia muda mrefu sana.

"Mimi sina la kusema," alijibu.

Walibomoa nyumba yake mchana kweupe, wakafyeka migomba ile mizima yote. Kokushubila aliondoka na begi moja kwenda Kemondo kwa binti yake, Jovitha. Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hapigi mbele ya mkutano.

Miezi minne ilitimia. Asubuhi hiyo baba mkubwa aliamka na furaha, akaoga, akavaa shati jeupe. "Leo mimi ni mimi," alimwambia mkewe. Simu yake ikalia. Aliipokea, akasikiliza, akageuka kuukabili ukuta.

"Umekosea namba," alisema, akakata.

"Nani huyo?" mama mkubwa aliuliza.

"Wamekosea namba."

Tone la damu likaanguka juu ya kioo cha simu.

Aliangalia puani, hakuna. Mdomoni, hakuna. Damu ilitoka kwenye ncha ya kidole cha kati, na kidole hakikuwa na kidonda. Ngozi ilikuwa nzima. Aliifuta, ikatoka nyingine. Aliifunga kitambaa, kitambaa kikalowa. Tone lilipofika sakafuni halikuganda kama damu ya watu. Lilibaki bichi.

Halafu mama mkubwa akaona jambo jingine. Mumewe alipotembea uani, matone hayakufuata miguu yake. Yalitangulia. Yalipanga mstari kutoka kizingitini, yakapita kwenye kahawa iliyoanikwa, yakavuka mibuni ya mpakani, yakaishia palipokuwa mlango wa Kokushubila. Kuku waliyaruka. Hata nzi hawakutua.

Wiki hiyohiyo walimleta mjini Bukoba, wakafikia kwangu Bilele. Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kimoja kimejaa vitenge, na nilimlaza katikati ya nguo za watu. Alikuwa mwepesi kama mtoto. Midomo imekuwa ya kijivu. Nilipombeba kumpeleka hospitali, niliona mashuka yangu yamelowa upande mmoja tu, upande unaoelekea Kemondo.

Madaktari walipima kila kitu. Chembe sahani zipo za kutosha. Damu ikiwa kwenye kichupa inaganda vizuri. Kidonda hakuna, lakini mtu anaisha. Wakasema aongezewe damu, na safari hii sikusubiri wanaume wa ukoo. Nilipimwa, nikaonekana ni O, nikatoa mimi. Mfuko uliotundikwa juu yake ulikuwa na damu yangu, ndiyo maana nawaambia niliuangalia vizuri.

Ulikuwa mchana, saa ya kuona wagonjwa, wodi imejaa watu na vyakula. Muuguzi Rahima alifungua mpira. Damu ilishuka kidogo. Ikasimama. Kisha ikaanza kupanda.

"Hutokea mfuko ukiwa chini," Rahima alisema, akauinua zaidi. Damu ikaendelea kupanda. Akabana mpira kwa kibanio. Ikapanda. Mfuko ukaanza kuvimba. Mtu mmoja akaweka chini kijiko chake. Midomo ya Rahima ilikuwa inasoma dua.

Mfuko ukajaa. Ukajaa kuliko ulivyokuja.

Rahima aling'oa sindano. Kwenye tundu la sindano hapakutoka hata tone.

"Hellen," baba mkubwa alininong'oneza. "Ni ya kwake. Inarudi."

"Ya nani, tata?"

Ndipo aliponiambia. Wodi nzima ilisikia, na mimi nilitamani sakafu inimeze. Sikuwa nimejua. Nilidhani ni wale ndugu zangu waliomwokoa, nilikuwa hata nimewashukuru.

"Nenda Kemondo," alisema. "Mwambie Kokushubila nitasema. Mbele ya watu wote nitasema. Arudishe moyo wake."

Nilipanda bodaboda jua likiwa bado kali. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi, na kila nililolipanga lilikuwa dogo. Jovitha nilimkuta nyuma ya nyumba, anaanika dagaa. Nilimweleza nimetoka kwa nani. Hakunikaribisha kukaa.

"Atasema kwa nani?" aliuliza. "Mama tumeshamzika."

Jovitha aliendelea kutandaza dagaa, haniangalii.

"Alifika hapa amechoka, hali chakula. Akaanza kutoka damu kama mwanamke wa hedhi, na umri ule. Hospitali wakasema anahitaji O, na mimi ni A. Akaniambia, usihangaike, ninaye ndugu yangu wa omukago Muleba, mpigie simu. Nikampigia. Hata kama yeye asingeruhusiwa kutoa, ana watoto, ana ukoo. Nilimwambia, mama anakufa, anakuita."

"Akasemaje?" niliuliza, ingawa moyo wangu ulikuwa umeshajua.

"Akasema nimekosea namba. Mama alikuwa karibu, alisikia. Akacheka kidogo. Akasema, basi, nitaifuata mwenyewe."

Akakata roho asubuhi hiyohiyo.

Nilirudi Bukoba nikiwa nimejifunika kanga usoni, kana kwamba barabara yote inanijua. Kitanda cha baba mkubwa kilikuwa kimeshazungushiwa pazia. Hakuwa na damu mwilini ya kujaza hata kijiko, daktari alisema, na hakujua aandike amekufa kwa nini.

Waliomwosha walikuta kitu shavuni, kati ya ufizi na nyama. Wakamwita mama mkubwa. Ilikuwa punje ya kahawa, nzima, haijatafunwa. Mama mkubwa aliitambua. Aliitupa kwa mkono wake, kwenye choo cha hospitali nyingine, miezi minne na siku kadhaa nyuma.

Kwenye maziko watu walimsifu sana. Mzee wa kanisa, mtu wa ibada. Ndipo mama mkubwa Joanitha aliposimama, bila kuitwa.

"Huyu mume wangu aliishi kwa damu ya Kokushubila," alisema. "Alijua. Mimi nilijua. Tulinyamaza mkambomolea nyumba. Hakuwa mchawi. Alikuwa anachoma panga lake tu."

Kyaruzi aliangalia viatu vyake. Mwijage akaangalia vyake. Niliinua macho nikaona kijiji kizima kimeinama hivyo hivyo, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama.

Jioni mama mkubwa alivuka mibuni akaifukia ile punje kwenye kifusi cha nyumba ya Kokushubila. Alisema arudishiwe mwenyewe, basi. Sasa, kila mtu wa Kagera anajua kahawa ya kutafuna huchemshwa kabla ya kuanikwa. Imeshakufa. Haioti.

Imeota.

Mbuni upo pale, umesimama juu ya kifusi, na mwaka huu umeanza kuzaa. Niliwahi kuchuma tunda moja, nikalipasua. Ndani kuna punje moja tu. Upande wa pili ni mtupu, una alama ya punje iliyotoka, na alama hiyo ni bichi na ya moto kidogo. Nilifuta kidole kwenye kanga. Doa halijatoka, nimelifua kwa kila sabuni.

Hakuna anayeuvuna, na hakuna anayethubutu kuukata. Njia ya kwenda kanisani inapita pale pale, na Jumapili utatuona, wakubwa kwa watoto, tukifika kwenye mbuni ule sote tunaangalia viatu vyetu.