Roselyn wa Kwa Simeon

Siku ya soko pale Homa Bay, mwaka wa tisini na sita, mwenye veranda alimwambia Roselyn aondoe cherehani yake. Hakutoa sababu, lakini Roselyn aliijua. Tangu amzike mumewe kule Magunga, wateja walikuwa wamepungua mmoja mmoja. Waliobaki walisimama mbali, wakimkagua mashavu na mabega kuona kama naye ameanza kukonda. Shemeji yake alitaka kumrithi. Alipokataa, ukoo mzima ulimkatia mguu.

Alikuwa akiburuta ile cherehani kati ya mafungu ya dagaa wa omena, gauni lake la samawati limelowa jasho mgongoni, mwanamume mmoja mrefu alipoishika upande wa pili. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ikasimama.

"Madam, hii kitu itakushinda."

"Nani amekuambia imenishinda?"

"Basi nisaidie mimi. Mimi imenishinda."

Roselyn alicheka, akashtuka kusikia sauti ya kicheko chake mwenyewe. Mwanamume huyo aliitwa Mogire, Mkisii, fundi wa pampu za maji aliyekuwa amehamia kutoka Migori. Waliipeleka cherehani hadi karakana ya Simeon, mchomeleaji vyuma, naye akasogeza mitungi yake ya gesi na kumpa Roselyn pembe ya veranda.

Nyuma ya karakana kulikuwa na uwanja mdogo wa mazoezi: ekseli za Land Rover, gia za lori, mikebe iliyojazwa saruji. Kila jioni wanaume wanane au tisa walikutana hapo kuinua vyuma.

"Na wewe inua," Mogire alimwambia baada ya wiki moja.

"Mimi ni mwanamke."

"Chuma haijui."

Kesho yake alikuja amevaa suruali ya marehemu mumewe, ameipunguza mwenyewe. Walikuwa wakinywa maji kwa kikombe kimoja cha bati. Roselyn alipomaliza kunywa, Dahir, mwenye duka la vitambaa jirani, alikipokea akanywa bila kukipangusa. Roselyn alienda nyuma ya ukuta akalia.

Mapenzi yaliingia taratibu. Mogire akienda Migori kutengeneza pampu, alipiga simu dukani kwa Dahir.

"Jaber, mrembo wangu, leo umeinua ngapi?"

"Kukushinda."

"Mwongo!"

"Rudi basi ujionee."

"Narudi Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Kuna jambo nataka kukuuliza."

Ijumaa hiyo Roselyn alisuka nywele na kuvaa gauni la maua ya manjano. Mogire alikuja, akasimama mlangoni pa karakana. Hakumpa mkono. Dahir alipomletea kikombe, alikisukuma pembeni, akasema kichwa kinamuuma, akaondoka. Jumapili akapanda gari la Migori. Simu zikakoma.

Wiki hiyo hiyo shemeji yake Roselyn alikuwa amepita sokoni akitangaza kwamba mjane yule amebeba kifo. Roselyn aliunganisha mambo mawili, akafunga mlango wa chumba chake. Siku tatu hakushona wala kuinua chuma. Siku ya nne, mchana kweupe, Simeon na Dahir walifika wamebeba ekseli mabegani, majirani wote wakikodoa macho.

"Nyaminwa," Simeon alisema akihema, "wewe ni dada yetu. Kama hutaki kuja, sisi tutafanyia mazoezi hapa kwako."

"Wazimu nyinyi! Mtavunja sakafu ya wenyewe!"

Akarudi. Hata hivyo, kila simu ya Dahir ilipolia, sindano ya cherehani ilisimama.

Mwezi wa kumi ililia, na Dahir akamwita.

"Roselyn." Sauti ya Mogire ilikuwa ya chini. "Usikate."

"Umesikia ya watu, ukanikimbia."

"Ya watu nilisikia baadaye. Nilipokuwa Osiri kwenye machimbo ya dhahabu nikifunga pampu, miaka mitatu iliyopita, niliishi na mwanamke. Joyline. Ile wiki niliyokuja, nilikuwa nimetoka kumzika. Aliuawa na ule ugonjwa."

Roselyn alishika ukingo wa meza.

"Ningekugusaje?" Mogire alisema. "Nilikuwa nimepanga kukuuliza kama utakubali nikuoe."

"Ungeniambia tu! Mimi nimelala na hofu hiyo hiyo tangu nizike. Ungeniambia, tungeogopa pamoja!" Alifuta uso kwa leso. "Njoo twende hospitali."

Alikuja. Walipimwa asubuhi moja, wakangoja majibu wiki mbili. Ya Roselyn yalitoka safi. Ya Mogire hayakuwa safi.

Waliketi nje chini ya ukuta wa hospitali.

"Sasa enda," Mogire alisema. "Wewe bado una maisha."

"Nitaenda wapi? Watu wangu wako kwa Simeon. Na wewe ni mmoja wao."

Hawakuoana. Mogire alikataa kabisa, na Roselyn akachoka kubishana naye. Lakini Mogire alirudi kuishi Homa Bay, na kila jioni alikuja mazoezini. Alipoanza kulegea, Simeon alimkatia ekseli nyembamba. Alipoacha kuinua, waliweka kiti chake uwanjani, akawa akihesabu wengine na kuwatania. Roselyn alimpikia uji na kumpunguzia mashati, mara moja, kisha mara ya pili.

Mogire alifariki mwaka wa tisini na tisa, akazikwa kwao Kisii, katika boma la migomba na majani ya chai. Roselyn alisimama kando ya hema, peke yake. Hakuwa mjane mara hii. Hakukuwa na neno la kumwita. Mama mmoja wa boma alimjia akamuuliza kwa upole, "Mama, wewe ulikuwa nani wake?"



"Huyo ni wetu," Simeon alisema kutoka kwenye benchi. Akasogea upande mmoja, Dahir akasogea upande wa pili, na Roselyn akaketi katikati.