Macho Mia Tatu ya Kozi

Jumamosi hiyo soko la Nuremberg lilijaa mpaka watu wakakanyagana. Apolonia, kilemba cheupe kichwani na soseji kikapuni, akageuka na kukutana uso kwa uso na kozi, ndege mwindaji, aliyekufa, kaning'inia kichwa chini mkononi mwa kijana mwenye koti la kijani lililochakaa viwiko.

"Samahani, dada. Hajakuuma?"

"Kafa huyo, ataniumaje? Wewe si Veit, mchonga vibao vya kuchapia picha za kitabu cha ndege? Mimi ndiye ninayezitia rangi."

"Kumbe wewe ndiye unayenifichia makosa!"

"Haya, macho yake rangi gani?"

Macho ya kozi yalikuwa yamefumbika na kunywea. Veit hakuwahi kuyaona. Lakini binti alikuwa akimtazama, na ulimi ukamponza.

"Njano. Njano kabisa."

Wakawa wanatembea pamoja kila Jumapili. Siku za kazi Apolonia alipaka katika karakana ya uchapaji: karatasi mia tatu, moja kwa kila nakala ya kitabu, kila kozi na jicho lake la njano. Shingo ikamkakamaa.

Kitabu kilipokaribia kutoka, mfuga kozi mmoja akapita karakana, akaona, akacheka mpaka akashika mbavu. Macho ya kozi ni kahawia, karibu meusi! Mwenye karakana akampa Apolonia siku nne arekebishe yote. Asipoweza, kazi basi.

"Ulinidanganya," akamwambia Veit mlangoni.

"Niliogopa kusema sijui. Ungeniona mjinga."

"Na sasa nakuonaje?"

Akamfungia mlango, kisha akalia, maana alishampenda.

Kesho yake Veit akarudi na brashi, kidole kimefungwa kitambaa.

"Nimekwenda kumwona kozi aliye hai. Kahawia kweli. Na huyu aliuma. Nipe nusu."

Apolonia akamsogezea karatasi. Wakapaka siku zote zilizosalia, supu ikipoa pembeni, hata hamu ya kugombana ikawaisha. Jioni ya mwisho Veit akaweka brashi chini.

"Apolonia, nikuoe?"

Apolonia akafumba macho. "Macho yangu rangi gani?"

Miezi yote hiyo, na Veit hakuwa na hakika.

"Sijui," akasema. "Fumbua nione."

Akafumbua.

"Leo mekundu."

Apolonia akacheka kicheko cha mtu aliyechoka hoi, akamlalia begani.

"Nioe. Lakini nilale kwanza."