Mwizi Aliyejua Mzinga Uliojaa

Mambo yaliniharibikia Jumanne, siku ya kwanza ya jua baada ya mvua. Mimi na binti yangu tulikwenda kurina asali kwenye mizinga aliyotuachia marehemu mke wangu. Mitano ilikuwa wazi, masega hayamo. Mingine haikuguswa.

"Baba, ameiba kwenye iliyojaa tu," binti akasema. "Amejuaje?"

"Labda nyuki wamemnong'oneza."

Hakucheka.

"Wakiiba tena msimu ujao, nauza mizinga yote," nikasema.

"Mizinga ya mama? Basi uniuze na mimi."

Nilivikodolea macho vile vidude chini ya mizinga. Vililetwa na viongozi wa chama chetu cha wafuga nyuki. Kila kimoja kina kisola cha kuvuta chaji ya jua, kikubwa kama kiganja. Kinapima uzito wa mzinga, kisha kinatuma habari ofisini kwa redio. Viongozi walipiga navyo picha, wakapanda gari, kwaheri.

Binti akamwita jirani yetu, fundi wa redio. Tunamwita Dada Waya. Alikuja na kipokezi kidogo cha redio, akakaa barabarani, nje ya uzio.

"Shikamoo, mzee. Mzinga wako wa tatu una kilo tisa."

"Marahaba. Umeuinua saa ngapi?"

"Sijauinua, nimeusikia hapa hapa. Vifaa vyako vinatangaza kila kitu wazi. Mwizi akiwa na kipokezi kama hiki, anasikia pia."

"Sasa tufanyeje?"

"Vinaweza kufunga ujumbe kwa ufunguo wa siri, yaani namba ndefu. Asiye nayo anasikia mkorogo tu. Lakini kufuli hilo limezimwa kutoka ofisini. Nadhani ni kwa sababu ya mawingu. Sola ilikuwa dhaifu, na kufunga kunakula chaji."

"Kwa hiyo wakaona heri niibiwe mimi!"

"Tulia, mzee. Kutuma ndiko kunakokula chaji zaidi. Hivi vinatuma kila dakika kumi. Asali inajaa kwa dakika kumi?"

"Sijasoma, lakini hilo nalijua. Haijai."

"Basi vitume asubuhi na jioni tu, vikiwa vimefunga ujumbe. Kila kifaa na ufunguo wake, ili kimoja kikiibwa vingine vibaki salama. Na funguo zisitumwe kwenye kundi la simu."

Binti alishachukua kitambaa. Alipangusa visola, vumbi na kinyesi cha ndege vikatoka. Alipangusa kama mama yake alivyopangusa meza.

Ofisini walikubali, baada ya mimi kupaza sauti. Dada Waya akarudi barabarani kusikiliza.

"Unasikia nini?" nikamuuliza.

"Uji mtupu!"

Msimu uliofuata tulikuta mizinga yote imefungwa, mizito. Binti alilamba kidole, akanitazama.

"Bado unauza?"

"Nani kasema nauza?"

Kwenye mkutano wa chama nilisimama, nikauliza. Mwenyekiti akamtazama katibu. Katibu akaitazama simu yake. Nimeuliza tena kwenye mikutano yote iliyofuata: nani aliamuru kufuli lizimwe, na kwa nini wenye mizinga hatukuambiwa?