Mama Mkwe, Fimbo Yake na Ukuta wa Studio Yangu

Kofi la wifi yangu lilinikuta hedifoni bado ziko shingoni.

Ndiyo, hedifoni. Nilikimbia nazo mpaka hospitali bila kujua, waya unaburuzika nyuma yangu, watu koridoni wananipisha kama kichaa.

"Umemuua mama yangu," wifi alisema.

Hakupaza sauti. Angepaza, ningejua la kufanya.

"Wifi, mama yuko hai. Daktari yupo naye ndani..."

"Nimemkuta sakafuni na fimbo mkononi. Mkononi, wifi! Pembeni kabisa ya ukuta wako. Amegonga, na wewe ukaendelea kuimba."

"Hakugonga."

"Nani atakuamini?"

Ndugu msomaji, vuta kiti. Nikimaliza utaamua mwenyewe kama kofi lile nilistahili.

Mimi ni mwimbaji. Usifikirie yule mwenye magari na walinzi. Mimi ni yule ambaye sauti yake unaijua kutoka kwenye tangazo la sabuni, lakini tukipishana njiani hata salamu hunipi.

Studio za watu zilinichosha. Unafika mapema, unaambiwa subiri kidogo, unasubiri mpaka koo linakauka, halafu ndiyo wanakwambia ingia. Nikasema basi. Nitafungua ya kwangu, nyumbani.

Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Akanitolea matairi yake chakavu kwenye stoo, nikaingiza meza, kompyuta, maiki na stendi yake, na kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta. Nikafunga mlango. Nikarekodi mstari mmoja, nikausikiliza.

Daah...

Kumbe nyumba yetu ni soko! Friji linanguruma. Bomba la bafuni linadondosha. Jirani yetu ni fundi wa mageti, na mashine yake ya kukatia vyuma ilisikika kama anakata meno yangu mwenyewe. Maiki nzuri ina tabia moja mbaya, haichagui. Wewe sikio lako limeshazoea kelele za nyumbani na kuzipuuza, yenyewe inachukua kila kitu.

Mtu akanishauri nibandike trei za mayai ukutani. Nikabandika ukuta mzima. Chumba kikanuka banda la kuku, na fundi mageti akaendelea kuingia kwenye nyimbo zangu bila kukaribishwa. Baadaye ndiyo nikajifunza kwamba trei zinapunguza mwangwi tu, kelele ya nje haziiwezi.

Nikahamia kwenye magodoro. Nikakusanya yote ya zamani, nikayasimamisha kuta zote, juu yake mablanketi mazito, na kwenye kingo za mlango nikaweka mpira. Friji nikawa nalizima nikirekodi, halafu nasahau kuliwasha, maziwa yanaharibika. Kwa fundi mageti nilikwenda kupiga magoti.

"Shemeji, mimi mchana nafunga naenda kula," akaniambia. "Hapo imba mpaka uchoke."

Basi, ikabaki kelele moja tu.

Mama mkwe.

Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kupata kiharusi, mguu wa kushoto ukawa mzito. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Mikono yake haikujua kukaa bure, na mdomo wake vilevile. Chumba chake kilipakana na stoo, na tulikubaliana kwamba akihitaji kitu agonge ukuta kwa fimbo. Wazo lilikuwa langu, tena nilijisifu nalo.

Akawa anagonga kwa kila kitu.

Ko ko ko.

"Abee mama."

"Chiriku, nibadilishie stesheni. Mtangazaji huyu anakohoa tu."

Ko ko ko.

"Abee mama."

"Sina shida. Nilitaka kujua kama upo."

Chiriku ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza naingia kwenye familia ile. Eti mimi ni kama yule ndege asiyenyamaza. Nilimpenda mama yule, tusidanganyane. Ila kuna siku nilikuwa nauma blanketi la ukutani kwa hasira.

Maana magodoro yalizuia sauti za watu. Mtu angeita kutoka chumba cha pili, mimi ndani nisingesikia kitu. Lakini fimbo ilipita! Mlio ule unasafiri ndani ya tofali lenyewe, godoro halina ubavu nao. Nikifika tu kwenye kiitikio, pale ambapo sauti imekaa sawa na pumzi imekubali... ko ko ko.

Sasa ndipo akatokea mwongozaji wa tamthilia moja. Alitaka wimbo wa kufungulia. Jina langu lingeandikwa kwenye skrini, kwa mara ya kwanza tangu nianze kuimba. Nikamtumia. Akarudisha. Nikatuma tena. Akanipigia.

"Dada, sauti yako naipenda sana. Ila huko nyuma kuna nani anajenga nyumba?"

"Naomba nafasi moja tu, kaka."

"Kesho jioni. Ukija na kelele tena, nampa mwingine. Usinichukie."

Kesho yake mchana nilimpeleka mama mkwe chooni, nikamrudisha kitandani, nikamwekea maji karibu, nikamwashia redio yake kwa sauti ya chini. Kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama, naomba leo ukuta upumzike. Nina kazi kubwa sana. Nikitoka nitakuja mwenyewe."

"Utachukua muda?"

"Kidogo tu."

"Nenda mwanangu. Nenda ukaimbe."

Nikaingia, nikafunga.

Na siku hiyo bahati ikanijia mpaka mlangoni. Fundi mageti alikuwa amekwenda kufunga geti kwa mteja, mchana mzima karakana yake kimya. Nikaimba. Nikarudia. Mstari wa pili haukunipendeza, nikarudia. Nikaweka sauti za kuitikia, moja juu ya nyingine. Hakuna aliyenigusa. Ile "kidogo tu" niliyomwambia mama ilipita zamani, na mimi sikuiona ikipita.

Kilichonitoa ni teke la mlango.

Wifi, mwenye saluni ya pale barabarani, alikuja kumsalimia mama yake. Alisimama mlangoni, mimi naona midomo inafunguka na kufungika, sisikii kitu. Nikashusha hedifoni shingoni.

"...sakafuni! Mama yuko sakafuni!"

Yaliyofuata mengine siyakumbuki vizuri. Nakumbuka mkono wa mama ulivyokuwa wa baridi. Nakumbuka fundi mageti, ndiyo kwanza anarudi, anatubebea mama kwenye gari lake la kubebea vyuma. Halafu koridoni. Halafu kofi.

Daktari akatoka.

"Nyonga imevunjika. Na amekaa chini muda mrefu, mwili umechoka sana. Lazima tumfanyie upasuaji. Kwa umri wake siwezi kuwaahidi kitu."

Mume wangu alifika akiwa na vumbi la safari. Wifi akamweleza yote mbele yangu, hakuacha hata fimbo. Mume wangu akanigeukia. Tangu anioe hajawahi kuniangalia vile.

"Aligonga?"

"Hakugonga, mume wangu."

"Una uhakika gani? Ukivaa madude yako yale, dunia husikii."

Hapo akili ikanirudia. Kwani mimi nahitaji kuaminiwa? Si kuna maiki? Ilikuwa wazi mchana mzima, hata nikipumzika sikuizima. Fimbo ikigusa ukuta, lazima iwemo.

Nikarudi nyumbani fasta, nikachukua kompyuta. Tukakaa kwenye benchi la hospitali, nikawapa hedifoni, mume wangu sikio moja, wifi sikio jingine, vichwa vimegusana kama walipokuwa watoto. Nikawafungulia rekodi yenyewe mbichi, ambayo sijaisafisha kitu.

"Sikilizeni mpaka mwisho," nikasema. "Msiruke hata kidogo."

Wakasikiliza. Mimi nilikuwa natazama nyuso zao. Wifi alikuwa amefumba macho, anaisubiri ile ko ko ko kwa mwili mzima.

Haikuja.

Wimbo, pumzi zangu, mimi nikinywa maji, mimi nikijisemesha. Mengine yote kimya.

Wifi akavua hedifoni taratibu. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya hospitali, mwanamke mwenye maringo yake yule.

"Wifi yangu, nisamehe. Nilikupiga bure. Atakuwa alizimia hapo hapo, hata nguvu ya kugonga hakuwa nayo."

Mume wangu akanikumbatia mbele za watu.

Na mimi, sitawaficha... nilijisikia mshindi. Mama yuko chini ya kisu cha daktari, nami nimejaa ushindi mpaka kooni. Nikamwinua wifi, nikamwambia yameisha. Nilisema kwa upole kabisa, kama mtu mwema.

Mama alitoka salama. Asubuhi yake zamu ya kukaa naye ilikuwa yangu. Alikuwa mdogo pale kitandani, kama aliyefuliwa akapungua. Nikadhani amelala.

"Chiriku."

"Abee mama."

"Wimbo ulitoka vizuri?"

Nikacheka, machozi yananitoka. Yaani mtu katoka kuchungulia kaburi, anauliza wimbo.

"Ulitoka, mama. Ulipoanguka ulizimia, eh?"

"Nizimie wapi. Nilikuwa macho."

"Macho?"

"Nilitaka kufunga dirisha, mguu ukanisaliti. Nikateleza na shuka langu mpaka chini, taratibu tu. Fimbo nikaivuta, nikaipata."



"Sasa... mama, kwa nini hukugonga?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Nilikuwa nakusikia kwa mbali, unaimba. Nikasema ngoja amalize huu mstari. Ukamaliza. Nikanyanyua fimbo, ukaanza tena. Nikasema basi, huu ndio wa mwisho." Akapumzika kidogo. "Ukaanza tena."

"Mama..."

"Si uliniomba, mwanangu."

Wapendwa, nimeshapigwa kofi, mnajua. Lile la wifi halikuuma.

Nikageuka nitafute pa kuweka uso wangu. Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu, chupa ya chai mkononi. Sijui alifika saa ngapi. Uso wake ukaniambia amefika mapema vya kutosha.

Nikasubiri. Nikasema moyoni, sasa nipige, hii ni haki yako.

Akamwaga chai kwenye kikombe, akamnywesha mama yake kidogo kidogo kwa kijiko. Kisha akamimina kikombe kingine, akakiweka mbele yangu. Chai ikamwagika mezani, akaifuta kwa kanga yake. Jambo lile mpaka leo hajaligusa. Ule msamaha alioniomba kwa magoti hajaudai nimrudishie. Mume wangu nilimwambia mimi mwenyewe, jioni ile ile. Akaniuliza kama nimekula.

Wimbo nilichelewa kuutuma, lakini ulipita. Jina langu limeandikwa kwenye skrini, tena kwa herufi kubwa. Mwongozaji alinitumia ujumbe: "Dada, hii ni safi mno. Hata studio kubwa sijapata ukimya wa namna hii. Ulifanyaje?"

Sijamjibu.

Mama yuko nyumbani sasa, anajifunza kutembea upya kwa kushikilia kiti. Magodoro ya upande wake nimeyatoa, mlango wa stoo nauacha wazi, na narekodi vipande vifupi vifupi, kila kimoja kikiisha nakwenda kumchungulia. Nimemwomba agonge. Nimembembeleza kwa kila lugha niliyonayo. Nimemwambia, mama, gonga hata kama huna shida, gonga kujua kama nipo.

"Fanya kazi yako, mwanangu," ananijibu. "Mimi niko sawa."

Hagongi. Naimba huku sikio moja liko ukutani, na ukuta hausemi kitu.

Kama unafanya kazi nyumbani, na una mtu chumba cha pili anayekusumbua, nimekuandikia wewe. Umkasirikie, sawa, sote ni binadamu. Ila kabla hujamwomba anyamaze, fikiria kama ni mtu anayekupenda. Asiyekupenda atakupuuza na atakugongea vilevile. Anayekupenda atakutii, na wewe hutajua amefika wapi katika kukutii mpaka umkute sakafuni.

Naishia hapa. Nakwenda kumwangalia.