Kauli ya Mejumaa

Mwanakuu alitoka kwao Kibokoni baada ya sala ya alasiri, akaaga kwamba atarudi kabla ya maghribi. Alikuwa akienda Majengo kutafuta betri za redio na kipande cha waya wa lehemu. Safari ya kawaida, aliyoizoea tangu marehemu babake alipokuwa fundi wa redio pale Makadara, na yeye binti yake akikaa kando kumshikia bisibisi. Mzee alipofariki, vifaa vyake vilibaki kwa Mwanakuu, na majirani wakawa wanamletea pasi na redio zao mumo humo nyumbani.

Mwaka huo wa tisini na sita ulikuwa mzito kwake. Kaka yake, Sheikhan, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na watoto wa mtaa mzima walihifadhi juzuu kwa kufuata sauti yake. Kisha kiharusi kikamwangusha akitia udhu. Mguu ukafa. Mkono wa kulia ukafa. Ulimi nao ukafa.

Akili haikufa, na hilo ndilo lililokuwa zito. Akitaka maji, alipiga ukuta kwa mkono wa kushoto. Akitaka kugeuzwa, alipiga ukuta. Mwanakuu alibahatisha, akakosea, akamwona kaka mtu akitokwa na machozi ya hasira. Usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu, kwani kila mshindo aliudhania ni ule ukuta.

Huko Majengo palikuwa na duka la Kitsao, muuza vyombo vya umeme vilivyokwisha kutumika. Kitsao alipokuwa akimtafutia betri, Mwanakuu aliona kwenye rafu ya nyuma bakuli lililofudikizwa juu ya kitu. Akalifunua. Chini yake kulikuwa na kompyuta ya mkononi ya zamani, upana wake kama kiganja, vitufe vyake vidogo kama punje za mahindi, na kioo cha kuonyeshea mstari mmoja tu wa maneno.

Papo hapo akapata wazo. Kaka yake hawezi kusema, lakini kidole cha kushoto anacho kizima. Akauliza bei.

Kitsao hakugeuka. Alisema ni mbovu, haiwaki, haina faida. Mwanakuu akamwambia mbovu ndizo kazi yake. Yule bwana akasema kwa sauti ya chini:

"Ichukue tu, Bi Mwanakuu. Ichukue sasa hivi."

Muuza duka asiyetaka bei! Tena alikataa hata kumfungia gazeti; hakutaka kuigusa. Mwanakuu aliitia ndani ya mkoba, akashika njia. Ilikuwa Jumapili, na watu walikuwa wakielekea kando ya bahari, Mama Ngina, kupunga upepo na kula mihogo. Katikati ya umati ule alisikia harufu ya asumini... asumini zilizolala majini mpaka zikaoza. Akageuka huku na huku. Harufu ilikuwa ikitoka mkobani mwake.

Kesho yake mchana aliikalia kazi. Mpango wake ulikuwa rahisi. Betri za asili zilikuwa vile vidude bapa kama kifungo cha shati, ambavyo havipatikani. Yeye angeunganisha nyaya mbili nje na kuiwasha kwa betri za tochi. Kisha angetengeneza vitufe vikubwa vya mbao juu ya vile vidogo, na mwisho kuipachika kengele, ili kaka yake amwite bila kuumiza mkono ukutani.

Akalegeza skrubu. Akainua kifuniko.

Mahali pa betri palikuwa na kifurushi cha kitambaa cheusi, kimezongwa uzi na kugandishwa kwa nta. Nyweleo zilimsimama. Alijua fingo, hirizi ya kumfunga mtu, akiliona. Alisoma Ayatul Kursiy, akalibana kwa koleo, na bila ya kulifungua akalitupa kwenye makaa ya jiko.

Halikuwaka kama kitambaa. Lilinuka nywele. Kisha likatoa pumzi.

Haaa...

Kama mtu aliyezamishwa majini muda mrefu, akaibuka.

Mwanakuu alikimbilia uani. Lakini upande wa pili wa ukuta kaka yake alikuwa akigonga, naye hakujua anataka nini, na hilo lilimshinda kuliko hofu. Akarudi kazini. Akatia lehemu, akaunganisha betri, kioo kikawaka. Alipomaliza vitufe vya mbao alimwekea Sheikhan mashine kwenye mapaja. Kidole cha kushoto kilitafuta, kikasita, kikabonyeza. Kiooni pakatokea neno moja: MAJI.

Mwanakuu alimnywesha huku akilia. Jioni hiyo waliongea, yeye kwa mdomo, kaka yake kwa kidole, mpaka betri zikaanza kufifia. Kwa siku kadhaa nyumba ikawa na raha iliyokuwa imesahaulika.

Kisha maneno yakaanza kubadilika.

Alasiri moja kengele ililia. Mwanakuu aliingia chumbani akakuta kiooni pameandikwa: MLANGO. Alikwenda akafungua mlango wa barabarani, hakuona mtu. Aliporudi pakaandikwa: YUAJA. Akamuuliza kaka yake ni nani anayekuja. Sheikhan alitikisa kichwa. Macho yalimtoka pima, yanatazama mapajani mwake. Herufi zikaanza kutokea tena, polepole, moja baada ya moja.

MIMI MEJUMAA.

Mwanakuu alifuata macho ya kaka yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania shuka.

Ulioandika ulikuwa mkono wa kulia. Mkono uliokufa.

Aliruka akang'oa betri. Herufi hazikuondoka. Na chumba kizima kilinuka asumini zilizooza.

Hakungoja. Alimwita jirani akae na mgonjwa, akaenda Majengo mbio mbio. Alimkuta Kitsao akipanga bidhaa, akamuuliza Mejumaa ni nani. Kitsao aliangusha alichokishika.

"Umeifungua?" alinong'ona.

"Nimeifungua."

"Na kilichokuwa ndani?"

"Nimekichoma."

Yule bwana akamsukuma nje, akafunga duka jua likingali juu. Mwanamke wa makamo aitwaye Nyevu, aliyekuwa akikaanga viazi karai mlango wa pili, aliyaona yote. Alimvuta Mwanakuu kando, akamweleza kwa sauti ya chini.

Mejumaa alikuwa mke wa Kitsao. Alikuwa karani wa mizigo, na kile kimashine kilikuwa chake cha kazi, hakikumtoka mkononi. Walikuwa na mtoto wa kiume, Kadenge, aliyekutwa amekufa kisimani. Watu waliambiwa aliteleza. Mejumaa alisema hakuteleza, na kwamba siku ya arubaini atasimama mbele ya wazee aseme alichokiona. Asubuhi ya siku hiyo aliamka bubu, hata kuandika hakuweza. Alikaa hivyo mwaka mzima, akionyesha kidole tu, hata akafa.

"Alikuwa akimwonyesha nani?" Mwanakuu akauliza.

Nyevu alitazama lile duka lililofungwa.

"Mwanangu, mimi nakaanga viazi," akasema. Akarudi kwenye karai lake.

Mwanakuu alirudi nyumbani, akashika nyundo. Alimsimulia kaka yake kila kitu, akamwambia anaivunja ile mashine na kesho anamwita sheikh wa kumsomea. Sheikhan alinyoosha mkono wa kushoto, mkono wake mwenyewe, akaifunika. Kisha akaandika: MWACHE.

Mwanakuu akamsihi. Alimwambia huyo si kiumbe wa kumkaribisha. Sheikhan akaandika tena, akitweta kwa juhudi: NAJUA KIU YAKE.

Nyundo ikamshuka Mwanakuu mkononi.

Adhana ya maghribi ilikuwa imekwisha, na wanaume wa mtaa walikuwa msikitini, aliposikia hodi. Alifungua kidogo. Kitsao alisimama kizingitini, jasho linamtiririka, kanzu imemganda mgongoni.

"Nipe kitu changu," alisema. "Nipe, niende zangu."

Kabla Mwanakuu hajajibu, kutoka chumbani, kwenye kitanda cha mtu ambaye hakuwa ametamka neno tangu kuanguka kwake, ikatoka sauti. Ya mwanamke. Laini, ya taratibu, kama ya mke amkaribishaye mumewe kutoka kazini.

"Karibu, Baba Kadenge."

Kitsao alishika mwimo wa mlango.

"Mbona wasimama hapo? Ingia ndani. Niulize nilichokiona kisimani."

Kitsao alifumbua kinywa. Midomo ilikwenda, koo likapanda na kushuka, isitoke hata herufi moja. Alijishika shingo kwa mikono miwili. Alimtazama Mwanakuu kama mtoto aombaye kutolewa majini, kisha akageuka akakimbia, akijigonga kwenye kuta za kichochoro.

Tangu siku hiyo Kitsao hakusema tena. Wako waliosema ni kiharusi, kwamba maradhi hayo yalikuwa yameenea mwaka huo. Huenda. Duka lilifungwa, na ndugu zake wakamchukua kwao bara. Nyevu alisema siku aliyoondoka alikuwa akionyesha kidole, akikirudisha kifuani pake mwenyewe.

Sheikhan alipata nafuu. Kwanza alitamka Alhamdulillahi, kwa sauti yake ileile nzito, na nyumba nzima ikaangua kilio. Baadaye aliweza kukaa, na watoto wakarudi chuoni. Watu walikuja kumpa mkono na kumshukuru Mungu. Mwanakuu naye alishukuru. Ila bado hakulala. Usiku alikuwa akikaa macho, akisikiliza pumzi za kaka yake kupitia ukutani, akizihesabu kama za watu wawili.

Mwisho alishindwa kuvumilia. Asubuhi moja, akimmiminia kahawa, alimuuliza ilikuwaje siku ile, alihisi nini yule mwanamke alipotumia kinywa chake.

Sheikhan alikizungusha kikombe mkononi muda mrefu.

"Nilimsikia akiingia, Mwanakuu," alisema. "Nilimruhusu mwenyewe."

Akaitazama kahawa ikipoa.

"Bado sijamsikia akitoka."