Onyesho la Kuaga

Siku ya gulio stendi ya mabasi haina adabu: unakanyagwa, kisha unaulizwa wewe kwa nini umeweka mguu hapo. Katikati ya vurugu hiyo Kipaza alisimama juu ya ndoo, gauni lake la maua ya manjano limepakaa gundi mpaka magotini, akibandika mabango ya bendi iliyomwajiri juzi tu kuitangazia maonyesho.

"Samahani, dada," ikaja sauti nyuma yake, ya mtu asiyedaiwa haraka na dunia. "Hapo umenibandika kichwa chini, miguu juu."

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka kama jipya, gitaa mgongoni. Kipaza akatazama bango, akatazama uso wa kijana. Lo! Ni yeye.

"Basi inama uone vizuri," Kipaza alisema, akiifunika aibu kwa ukali.

Na jamaa akainama kweli, kichwa kikafika magotini, watu wakimpita na mizigo. "Hapo sawa. Nimependeza."

Kipaza alicheka nusura aanguke na ndoo yake. Huyo ndiye Taratibu, mpiga gitaa la solo, jina alilopewa na wenzake kwa kuwa hata salamu huifikiria kabla ya kuijibu. Na yeye binti aliitwa Kipaza kwa sababu akitangaza ndani ya gari la matangazo, mtaa wa tatu wanamsikia hata betri ikiisha.

Bendi ilifanya mazoezi chumba cha nyuma cha ukumbi wa mji, kuta zimepigiliwa magodoro makuukuu ili majirani wasije na marungu. Kipaza alianza kwenda kuuliza ratiba. Baadaye akawa anakwenda na ratiba anayo mkononi. Alijua Taratibu akiridhika na wimbo hufumba jicho moja. Alijua pia kwamba mpiga besi akikosea, Taratibu hamgombezi; hurudia kile kipande peke yake, polepole, mpaka mkosaji aone haya mwenyewe. Alimpenda, basi. Jioni ikawa ni simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Binti akasubiri jibu mpaka akachoka.

"Taratibu, nimeuliza chakula, sijakupa mtihani!"

"Nilikuwa nasikiliza unavyopumua."

Binti akakata simu. Kisha akapiga tena, moyo haukumpa.

Sasa mwenye ukumbi akaja na lake. Jumamosi hii viti mia mbili visipojaa, alisema, ukumbi anaugeuza stoo ya saruji, na bendi itafute pa kwenda. Kipaza hakushtuka. Kazi ya matangazo ilishamfundisha kwamba watu hawajali kilichopo, hukimbilia kinachoondoka. Akachapisha mabango mapya kwa herufi nyekundu: ONYESHO LA KUAGA. Akapanda gari. "Njooni muwaage! Taratibu na bendi yake wanahama, hawarudi!" Hakumwambia mtu. Wiki ijayo angesema safari imevunjika, watu wacheke, yaishe. Ah, ujanja mwingi mbele giza!

Ijumaa mchana simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Natangaza, mpenzi. Mji mzima unawazungumzia!"

"Njoo nyumbani kwa mama."

Alimkuta mama amekaa kitandani, macho mekundu. Mbele yake begi, na ndani ya begi mashati yote ya mwanawe, yamefuliwa, yamepigwa pasi, yamekunjwa.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Nimemfungashia. Baba yake naye alikuwa mpiga gitaa. Aliondoka bila kuaga, nikaambiwa na majirani. Huyu nimeambiwa na gari la matangazo."

"Mama, si kweli! Haendi popote. Lilikuwa tangazo tu!"

Taratibu akamtoa nje. Siku hiyo hakufikiri kabla ya kusema. "Tangu nina miaka saba namwapia mama kwamba sitaondoka bila kumuaga. Leo umemliza kwa jina langu, mtaa kwa mtaa."

"Nilitaka kuwaokolea ukumbi!"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa!"

"Ndiyo. Ningekataa."

Akaingia ndani. Simu kumi na moja alizopigiwa baadaye hakupokea hata moja.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Viti mia mbili vilikwisha, watu wakakaa madirishani. Walikuja na vitambaa vya kufutia machozi, wengine wameanza kulia kabla hata ngoma haijagongwa. Mwenye ukumbi alisugua viganja kwa furaha. Taratibu alipiga gitaa akitazama sakafu, hakufumba jicho hata mara moja. Kando ya jukwaa Kipaza alijua hesabu yake: akinyamaza, ukumbi umepona. Na akinyamaza, mwanamume huyu amempotea hata wakiishi mji mmoja.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, akapanda na kushika maikrofoni.

"Jamani, hakuna anayeondoka. Hawa wanamuziki hawakujua lolote. Nimewadanganya mimi ili mje. Mama, nisamehe, nimekuliza bure. Anayetaka kiingilio chake, nipo mlangoni."

Zogo likazuka. "Mwongo mkubwa!" "Na machozi yetu nani atarudisha?" Viti vikasukumwa. Zaidi ya nusu ya watu waliondoka, mwenye ukumbi akitangulia na kulitaja lori la saruji. Wakabaki kama themanini. Mama, safu ya mbele, hakuinuka.

Kipaza alisimama mlangoni akirudisha viingilio huku machozi yakimtiririka, akitukanwa na kuitikia "samahani" kwa kila mmoja. Taratibu akashuka jukwaani na gitaa lake shingoni. Waya ulifika mwisho kabla hajafika, akauchomoa, akaja.

"Ukumbi umekwenda," Kipaza alisema. "Nimewapotezea."

"Tutafanya mazoezi uani kwa mama."

"Majirani je?"

"Watazoea."

"Na wewe? Umenisamehe?"

Akafikiri. Jamani, alifikiri mpaka mpiga besi akapiga mluzi kule jukwaani.

"Ukiniomba ruhusa ya kudanganya, nitakataa kila siku," alisema hatimaye. "Ukiniomba nikuoe, nitakubali leo."

"Nani kakuomba?"

"Basi naomba mimi. Nikuoe?"

Mama akageuka kitini. "Jibu, mwanangu, kabla hajaanza kufikiri tena!"

Kipaza akafuta macho kwa kiganja.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ndogo hata waliokuwa karibu wakainamisha vichwa ili wamsikie. "Na hili si tangazo."